Sura ya Sita: Neno ‘on’, au Ghaibu Aliyeketi Miongoni Mwetu

Maulama wa nahau ya Kiarabu, ambao vitabu vyao vilisomwa katika vyuo na misikiti ya pwani yetu kabla Mzungu hajaja kutufundisha sarufi, waliwagawa watu wa mazungumzo mafungu matatu, wakampa kila mmoja jina la hali yake: mutakallimu, ndiye asemaye, mukhatabu, ndiye asemeshwaye, na ghaibu, ndiye anayesemwa naye hayupo. Mgawanyo huu una hekima kuliko ule wa Wazungu, waliozihesabu nafsi moja, mbili, tatu, kana kwamba zote ni za daraja moja. Na katika Wazungu wenyewe alitokea mwenye ilmu aliyelikubali jambo hilo. Émile Benveniste, mwanaisimu wa Kifaransa aliyezaliwa Aleppo katika nchi ya Sham mwaka 1902, alipoandika mwaka 1946 makala yake mashuhuri juu ya nafsi katika kitenzi, aliwarejea maulama hao wa Kiarabu, akazitumia istilahi zao kuonyesha kwamba ‘mimi’ na ‘wewe’ ni watu wawili wanaokabiliana, ilhali huyo wa tatu si nafsi hasa, bali ni mahali patupu panapoweza kukaliwa na yeyote, au na chochote.

La ajabu ni kwamba lugha aliyoiandikia Benveniste ina neno moja dogo, la herufi mbili na sauti moja ipitayo puani, ambalo lauvuruga mpango huo mzuri tangu asubuhi hata usiku. Neno lenyewe ni ‘on’. Ukiliuliza kwa kanuni za nahau, litakujibu kwamba ni ghaibu mtupu: kitenzi chake huwa cha nafsi ya tatu, tena cha umoja, sawasawa na kitenzi cha ‘il’ na ‘elle’. Walakini ukitega sikio barazani kwa Wafaransa, utamsikia mtu akiwaambia wanawe ‘on mange’, na watoto wakakimbilia mezani pamoja naye, maana wamefahamu kuwa asemaye ni mmoja wa walaji. Kisha utamsikia mtu huyohuyo akisema ‘on m’a menti’, yaani nimedanganywa, na hapo ‘on’ ni mwongo fulani asiyetajwa, ambaye kwa vyovyote si msemaji. Neno ni lile, kitenzi ni cha umbo lile, lakini mara ya kwanza msemaji yumo ndani, na mara ya pili yuko nje. Wala hakuna herufi hata moja iliyobadilika kukuonyesha ametoka kwa mlango gani.

Asili ya neno hili ni ya kale sana, nasi tuna bahati kwamba waraka wa kwanza wa lugha hiyo ulilihifadhi. Tarehe 14 Februari 842, mjini Strasbourg, wajukuu wawili wa Charlemagne, Louis Mjerumani na Charles Kipara, walikutana na majeshi yao ili kuapiana kwamba watasaidiana dhidi ya ndugu yao Lothaire. Ili askari wa kila upande wasikie na kufahamu, Louis aliapa kwa lugha ya watu wa Charles, iliyokuwa imekwisha kuachana na Kilatini na kuelekea kuwa Kifaransa, naye Charles akaapa kwa Kijerumani cha watu wa Louis. Binamu yao Nithard akaviandika viapo vyote viwili, na wanazuoni huvihesabu kuwa mwanzo wa maandishi ya Kifaransa. Basi palipo na ahadi kwamba kila mmoja atamsaidia nduguye kama ipasavyo mtu kumsaidia nduguye, huyo ‘mtu’ katika kiapo cha Louis ni ‘om’, na katika kiapo cha Charles ni ‘man’. ‘Om’ ndilo ‘on’ la leo. Na ‘man’ bado lafanya kazi ileile katika Kijerumani.

‘Om’ limetoka katika Kilatini ‘homo’, yaani mtu, mwanadamu. Kilatini kilikuwa na desturi ya kuligeuza jina kwa kadiri ya kazi yake: mtu akitenda ni ‘homo’, akitendwa ni ‘hominem’. Umbo la kwanza, lililotamkwa haraka na bila mkazo mbele ya kitenzi, likachakaa likawa ‘on’. Umbo la pili likawa ‘homme’, ambalo ndilo jina la mtu, au mwanamume, hata leo. Wawili hao ni ndugu wa tumbo moja waliosahauliana. Na kwa kuwa ‘on’ ni mwana wa umbo la mtenda, limebaki mtenda daima: ‘on’ hupiga, ‘on’ huiba, ‘on’ husema, lakini hakuna awezaye kulipiga ‘on’ wala kuliibia. Likihitaji kutendwa, sharti liazime ‘nous’ au ‘vous’. Likijirudia lenyewe, latumia ‘se’ na ‘soi’. Kumbukumbu nyingine ya ukale wake ni ile ‘l’on’ ya waandishi wafasihi, ambayo ile ‘l’ si pambo bali ni masalia ya kibainishi kilichoambatana na jina lilipokuwa jina kamili. Vaugelas, katika kitabu chake cha mwaka 1647 kuhusu lugha ya Kifaransa, alishughulika kueleza ni wapi iandikwe ‘on’ na wapi ‘l’on’, na sababu alizozitoa ni za sikio zaidi ya maana: kuepusha irabu zisigongane, kuepusha sauti zisirudiane. Mambo hayo wataka adabu ya kalamu huyashika mpaka leo, na wengine wote huyasahau wakishamaliza mtihani.

Sasa tuzitazame kazi zake. Ile ya zamani zaidi ni kuwasema watu wote, au watu fulani wasiojulikana: ‘on dit’, yaani yasemwa; na kutokana na hilo wamepata jina zima, ‘les on-dit’, ambalo ni uvumi. Wanalo na jina jingine lenye madaha, ‘le qu’en-dira-t-on’, sentensi kamili ya kuuliza ‘watasemaje?’ iliyofungwa kwa vistari ikawa kitu kimoja, nacho ni ile hofu ya maneno ya majirani ambayo wazee wetu waliiweka katika neno ‘walimwengu’. Na tazama ile ‘t’ ya katikati, haina maana yoyote ila kuzitenganisha irabu mbili. Katika mlango huohuo wa nje huingia mwizi asiyejulikana, ‘on m’a volé mon vélo’, nimeibiwa baisikeli yangu. Na huingia watu wa nchi nyingine, ‘en Espagne, on dîne tard’, huko Hispania chakula cha jioni huliwa usiku sana.

Mlango wa ndani ndio wenye visa. Aprili 1916, vita vya Verdun vilipokuwa vimepamba moto, Jenerali Pétain aliwaandikia askari wake amri ya siku akaimaliza kwa maneno ‘on les aura’, yaani tutawashinda. Na mchoraji Abel Faivre akayatia maneno hayo katika bango la kuomba mkopo wa vita, lililobandikwa Ufaransa nzima. Jenerali angeweza kuandika ‘nous les aurons’, na nahau ingemshukuru. Lakini ‘nous’ ya mkubwa ina harufu ya ofisi, na askari angeweza kudhani kwamba hao ‘sisi’ ni majenerali. ‘On’ ilikuwa lugha ya mahandakini, ikamtoa jenerali katika makao yake makuu na kumweka, kwa maneno tu, ndani ya tope pamoja na watu wake. Kama jambo hilo lilikuwa la haki ni swali jingine.

Tena liko ‘on’ la mukhatabu, ambalo muuguzi humwambia mgonjwa, ‘alors, on a bien dormi ?’, je, tumelala vizuri? ilhali muuguzi hakulala kabisa na wote wawili wajua. Mapenzi na dharau hutumia mlango huu mmoja, na tofauti yake imo katika sauti tu: mama humwambia hivyo mwanawe, na hakimu mwenye kejeli huweza kumwambia hivyo mshtakiwa. Na liko ‘on’ la mutakallimu peke yake, la mtu anayeulizwa habari ya kazi zake akajibu ‘on fait ce qu’on peut’, twajitahidi kwa kadiri ya uwezo, akijikunja nyuma ya umma mzima ili asionekane anajisifu. Adabu hii ya kujificha ina historia. Katika Mantiki ya Port-Royal, ambayo chapa yake ya kwanza ilitoka mwaka 1662, imeandikwa kwamba marehemu Pascal alimtaka mtu muungwana aepuke kujitaja, hata neno ‘je’ na neno ‘moi’ ayaache. Mwenye kutii nasaha hiyo atapata wapi kiwakilishi cha kujisemea ila katika ‘on’?

Msomaji atauliza, na ana haki kuuliza: ikiwa umbo halibadiliki, msikizaji ajuaje? Hujua kwa vidokezo vilivyoizunguka sentensi. Kimoja ni kimilikishi: ‘on gare sa voiture à droite’ ni kanuni ya barabara, kila mtu aegeshe gari lake upande wa kulia, lakini ‘on a garé notre voiture à droite’ ni habari ya jamaa walioegesha gari lao, kwa sababu ‘notre’, yaani letu, imelifichua ‘on’ lililojitia ugeni. Kingine ni wakati wa kitenzi, kwani tendo lililopita, lililotukia siku moja mahali pamoja, huelekea kuwa la ‘sisi’, na tendo la desturi huelekea kuwa la watu wote. Cha tatu ni sifa na vitenzi vinavyofuata, navyo ndivyo vinavyowachosha walimu: kitenzi cha ‘on’ hubaki umoja, ‘on est’, lakini wakiwa waliofika ni wengi huandikwa ‘on est arrivés’, pamoja na alama ya wingi, na wakiwa wanawake watupu, ‘on est arrivées’. Umoja na wingi katika sentensi moja, juu ya mtu mmoja! Wenye msimamo mkali walilichukia jambo hilo, lakini matumizi yamelikubali, na kitabu cha Mbelgiji Maurice Grevisse, ‘Le Bon Usage’, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1936 na kutegemewa na walimu wa Kifaransa kila bara, hufuata matumizi ya waandishi wazuri kuliko hasira za maulama.

Kuna sababu ya ndani zaidi iliyolipa ‘on’ ushindi dhidi ya ‘nous’, nayo ni ya ulimi wala si ya adabu. Kifaransa cha kuandika kinaonekana kuwa na miisho mingi ya vitenzi, lakini cha kusema kimeipoteza karibu yote: ‘je chante’, ‘tu chantes’, ‘il chante’, ‘ils chantent’, yote hutamkwa kwa sauti moja ya kitenzi. Waliosimama pekee ni ‘nous chantons’ na ‘vous chantez’. Msemaji akichukua ‘on chante’ badala ya ‘nous chantons’ huwa amemsalimisha mmoja wa waasi wawili, na kitenzi chake kimebaki na sura mbili tu. Zamani watu wa mashamba walijaribu njia nyingine, wakasema ‘je’ pamoja na mwisho wa wingi, ‘j’avons’, ‘j’étions’. Molière aliwatia wakulima wa namna hiyo katika ‘Dom Juan’ ya mwaka 1665, na watu wa mjini wakawacheka. Njia ile ikafifia kwa aibu, hii ya ‘on’ ikaishi, na leo katika mazungumzo ya kila siku ‘nous’ ya mtenda imekuwa nguo ya Idi, na huko Quebec karibu imetoweka kabisa katika vinywa vya watu. Mfaransa akitaka kulitilia nguvu husema yote mawili, ‘nous, on’, sisi, sisi. La kwanza kwa mkazo, la pili kwa kitenzi.

Faida moja ya ‘on’ aghalabu haitajwi katika vitabu vya shule, nami naipenda kuliko zote. Yajulikana kwamba Mfaransa humwambia rafiki na mtoto ‘tu’, na mgeni na mkubwa ‘vous’, na kwamba kuvuka kutoka hili kwenda lile ni jambo la hadhari, kwa kuwa anayetangulia huenda akaonekana mfidhuli. Basi atakaye kuvuka atauliza kwa neno gani? Akitumia ‘tu’ amekwisha kuvuka kabla ya kupewa ruhusa. Akitumia ‘vous’ ombi lake lajipinga lenyewe. Husema, ‘on se tutoie ?’, na ‘on’ hilo lawabeba wawili pamoja bila kumwita yeyote kwa jina la daraja lake, mpaka jibu lije.

Hilo la ‘tu’ na ‘vous’ latuleta Kongo. Tarehe 30 Juni 1960, katika Palais de la Nation mjini Léopoldville, ambao sasa ni Kinshasa, Mfalme Baudouin wa Ubelgiji alisimama akamsifu jamaa yake Leopold II na kazi yake. Kisha Patrice Lumumba, waziri mkuu wa dola iliyozaliwa siku ile, akasimama akatoa hotuba iliyowashtua wageni. Watu wengi waikumbuka kwa ile ‘nous avons connu’, tumeyajua, tumeyapitia, inayorudi tena na tena mbele ya kila dhuluma anayoihesabu: kazi za kuchosha, matusi, mapigo. Msomaji wa nahau na atazame mahali pengine katika hotuba ileile, pale anapouliza ni nani atakayesahau kwamba Mweusi aliambiwa ‘tu’, wala si kama rafiki aambiwavyo, bali kwa sababu ile ‘vous’ ya heshima ilikuwa imetengwa kwa ajili ya Wazungu peke yao. Katika Kifaransa chake, aliyekuwa akisema ‘tu’ hakutajwa: ni ‘on’.

Na zingatia jinsi nafsi zilivyopangwa katika ukumbi ule. Lumumba aliianza hotuba yake kwa kuwaita Wakongo, wanaume na wanawake, wapigania uhuru. Basi mukhatabu ni wao. ‘Nous’ ni yeye pamoja nao. Mfalme ameketi hatua chache kutoka hapo, amevaa sare yake, naye katika sentensi ile hana pa kukaa ila ndani ya ‘on’, pamoja na mawakili wa wilaya, mabwana shamba, makarani wa kizungu na wake zao waliokuwa wakimwita kwa ‘tu’ mtu mzima mwenye mvi. Aliyekuwapo amefanywa ghaibu. Walimu wa Kibelgiji waliomfundisha kizazi kile Kifaransa waliieleza bila shaka kanuni ya ‘on’ kuwa ni kiwakilishi cha mtu asiyejulikana. Siku ile hapakuwa na mtu ukumbini asiyejua.

Waandishi wa Ufaransa wenyewe wamelitumia ‘on’ kwa makusudi ya upole zaidi. Monique Wittig alisimulia utoto wa msichana katika ‘L’Opoponax’, riwaya ya mwaka 1964 iliyopata tuzo ya Médicis, na karibu kila tendo la watoto wale ni la ‘on’, kwa kuwa mtoto wa darasani hajajitenga bado na wenzake kiasi cha kusema ‘mimi’. Annie Ernaux, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 2022, aliandika katika ‘Les Années’ ya mwaka 2008 maisha yake yote pasipo ‘je’, akatumia ‘on’ na ‘nous’ na ‘elle’, hata msomaji wa umri wake akasoma maisha ya mwandishi akadhani ni yake. Na hesabu pia ina ‘on’ lake: mwanafunzi wa Bujumbura au Bukavu anayejifunza aljebra kwa Kifaransa huandika ‘on pose’, ‘on a’, ‘on en déduit’, mstari baada ya mstari, na mwenye kufanya hesabu ile ni kila mwenye akili timamu, awe mwalimu au mwanafunzi. Nafikiri hapo ndipo ‘on’ linapokuwa safi kabisa, kwani hakuna anayejificha.

Yabaki suala la mfasiri wa Kiswahili, na si dogo, kwa kuwa sisi tuna njia nyingi palipo na njia yao moja. Methali zao zinazoanza kwa ‘on’ huingia vyema katika umbo letu la mtenda na ‘hu’, kama mpanda ngazi hushuka, maana ile ‘hu’ haibebi nafsi yoyote ndani yake na kwa hiyo yamfaa kila mtu. ‘On’ la jamaa ni ‘tu’ yetu, bila shaka yoyote, na hapo Kiswahili hupoteza ule mchezo wa milango miwili, kwa kuwa ‘tu’ yetu haijui kujificha. ‘On dit’ ni ‘inasemekana’ kwa gazeti, ‘yasemwa’ kwa mwenye kalamu ya zamani, na ‘walimwengu wasema’ kwa bibi aliyechoshwa na majirani. ‘On’ la mwizi ni kutendwa: nimeibiwa.

Ugumu uko katika ile sentensi ya Lumumba. Wafasiri wengi wangeiandika kwa kutendwa, kama nilivyofanya mimi mwenyewe hapo juu kwa kufupisha: Mweusi ‘aliambiwa’. Ni Kiswahili safi, lakini kutendwa humfukuza mtenda katika sentensi kabisa, akatoka pamoja na kiti chake. Na Lumumba hakukiondoa kiti, alikiacha pale mbele ya macho ya watu, kitupu kwa jina na kilichojaa kwa maana. Kwa hiyo katika tafsiri kamili ningeandika ‘walikuwa wakimwambia’, kwa ile ‘wa’ isiyotanguliwa na jina lolote, kama tusemavyo ‘wamemwibia’ au ‘wamemfunga’ bila kutaja ni akina nani. Mhariri huenda akaandika pembeni kwamba ‘wa’ hiyo haina jina la kurejea. Msomaji wa Lubumbashi, ambaye husema ‘banasema’ palipo na ‘wanasema’ yetu, hatahitaji kuelezwa hao ‘ba’ walikuwa nani.